Kuchemsha maji hakuondoi floraidi: lijue chujio linaloinasa

Na MWANDISHI WETU

UKIMWONA mtu mwenye meno yenye madoa ya kahawia, usiharakishe kumhukumu kuwa hapigi mswaki. Watu wengi waliolelewa Nakuru, Naivasha, Gilgil, Njoro na sehemu nyingine za Bonde la Ufa wana madoa hayo, na hakuna mswaki, mkaa wala dawa ya meno itakayoyaondoa. Madoa hayo hayakutoka nje. Yaliingia wakati jino lilipokuwa lingali linaundwa ndani ya ufizi, na aghalabu yaliletwa na maji ya kunywa.

Kinachoyasababisha ni floraidi, madini ambayo hayana rangi, harufu wala ladha yakiwa ndani ya maji. Maji yanaweza kuwa maangavu kama kioo, yasiwe na kijidudu hata kimoja, na bado yakawa na floraidi ya kuharibu meno ya mtoto wako kwa maisha yake yote.

Mkazi wa Nairobi asidhani kuwa hili ni jambo la watu wa Nakuru pekee. Maji ya mfereji ya jiji hutoka hasa katika mabwawa ya Ndakaini, Sasumua na Ruiru, yanayojazwa na mito ya milima ya Aberdare, na floraidi yake ni kidogo. Lakini mifereji inapokauka, watu hukimbilia visima virefu vilivyochimbwa kwa mashine. Maji hayo huuzwa kwa malori na mikokoteni, au hupandishwa moja kwa moja kwenye tangi la ploti. Visima vingi vya Nairobi na viunga vyake vina floraidi kupita kiasi kinachokubaliwa, na mpangaji anayefungua mfereji wa jikoni hana njia ya kujua kwa macho.

Hutoka wapi?

Bonde la Ufa ni eneo la volkeno. Mawe yaliyotapikwa na volkeno hizo yana floraidi nyingi, na maji yanayokaa chini ya ardhi kwa miaka huilamba kidogo kidogo. Katika sehemu nyingine za dunia, kalisi iliyo ndani ya maji hushikana na floraidi na kuizuia isizidi. Maji yetu ya ardhini yana kalisi kidogo na magadi mengi, kwa hivyo floraidi huachwa huru.

Maziwa ya magadi yanaonyesha jambo hili linavyoweza kufika mbali. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1984 ulipata miligramu 2,800 za floraidi katika kila lita ya maji ya Ziwa Nakuru, na miligramu 1,640 katika Ziwa Elmenteita. Hakuna anayekunywa maji ya maziwa hayo, lakini visima vilivyo jirani huchota kutoka kwa mawe ya aina ile ile.

Kiasi gani ni kingi?

Floraidi si sumu kwa kila kiasi. Kidogo chake husaidia jino kupambana na kuoza, na ndiyo maana hutiwa katika dawa ya meno. Taabu huanza inapozidi. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasipite miligramu 1.5 katika lita moja, na hicho ndicho kipimo cha Kenya pia. Ili upate picha, chukua tangi la lita 1,000. Robo kijiko cha chai cha floraidi ndani ya tangi hilo zima inatosha kufikia mpaka huo.

Maji yakipita hapo, meno ya watoto huanza kuonyesha mistari myeupe kama chaki, kisha madoa ya manjano na kahawia. Yakizidi sana, jino huwa na vishimo na huvunjika kwa urahisi. Mtu anayekunywa kwa miaka mingi maji yenye miligramu 3 hadi 6 anaweza kupata madhara ya mifupa, na yakipita 10, mifupa na viungo vinaweza kukakamaa hadi mtu akawa kilema.

Jambo la kuweka moyoni ni umri. Meno ya kudumu, ukiondoa magego ya mwisho, hukamilisha ngozi yake ngumu ya nje kufikia mtoto anapotimiza miaka 8 hivi. Meno ya mbele, yanayoonekana mtu anapocheka, hudhurika zaidi katika miaka mitatu ya kwanza. Baada ya hapo jino limeshaumbwa, liwe zuri au baya. Mtu mzima aliyehamia Nakuru akiwa na miaka 30 hatapata madoa, lakini mtoto anayemzalia huko anaweza kuyapata. Maji yakimwagika hayazoleki, na jino nalo halina nafasi ya pili.

Mambo yasiyosaidia

Wengi wetu tumefundishwa kwamba maji yaliyochemshwa ni maji salama. Hilo ni kweli kwa kipindupindu na homa ya matumbo. Kwa floraidi ni kinyume, kwa sababu moto hufukuza maji na kuyaacha madini. Ukichemsha lita mbili hadi ikabaki moja, floraidi ni ile ile lakini sasa imo katika nusu ya maji, yaani makali yake yameongezeka maradufu.

Klorini huua vijidudu na haigusi floraidi. Chujio la kauri hushika uchafu na vijidudu, na floraidi hupita. Chujio la mkaa wa kawaida hupunguza harufu na ladha mbaya, lakini haliiondoi kwa kiasi cha maana. Taa za kuua vijidudu pia hazina kazi hapa. Ukiambiwa dukani kwamba chujio fulani "linaondoa kila kitu", uliza ni nini hasa kilichomo ndani kinachoshika floraidi. Muuzaji asipojua, funga mkoba wako.

Oksidi inavyoinasa

Mojawapo ya njia zilizothibitishwa ni kupitisha maji katika oksidi ya madini. Oksidi ni kitu unachokijua tayari. Kutu kwenye bati ni oksidi ya chuma, na udongo wetu mwekundu una rangi hiyo kwa sababu ya oksidi kama hizo. Inayotumika zaidi kuondoa floraidi ni oksidi ya alumini, iitwayo alumina, ambayo hutokana na madini ya boksiti yanayotumika pia kutengeneza sufuria.

Kwa kazi hii alumina hupashwa moto kwa namna maalumu hadi inakuwa chembe nyeupe zenye matundu madogo mno yasiyoonekana kwa macho. Matundu hayo huipa uso mkubwa ajabu. Gramu moja tu, ambayo haijazi hata kijiko, inaweza kuwa na uso wa zaidi ya mita 200 za mraba. Hiyo ni karibu nusu ya ploti ya futi 50 kwa 100.

Ikiwa ndani ya maji, alumina hujivika uso uliojaa vipande vidogo vya oksijeni na haidrojeni vilivyoshikana. Floraidi ina ukubwa unaokaribiana na vipande hivyo na chaji ile ile ya umeme. Kwa hivyo inapopita hukiondoa kipande kimoja na kukaa mahali pake, kama abiria anayechukua kiti cha mwenzake aliyeshuka. Floraidi haizami ndani ya chembe kama maji yanavyozama katika sifongo. Hunata juu ya uso, na ndiyo maana ukubwa wa uso huo ni jambo la maana.

Desturi hii ya kuchukua kiti cha mwingine hutokea pia ndani ya jino. Ngozi ya jino ina vipande vya aina hiyo hiyo, na floraidi huingia humo jino linapoumbwa. Chujio hufanya kazi kwa kuipa floraidi mahali pengine pa kukaa kabla haijamfikia mtoto.

Historia yake ina kinaya chake. Daktari wa meno Frederick McKay, aliyeanza kazi Colorado Springs, Marekani, mwaka 1901, alitumia miaka mingi kutafuta chanzo cha meno ya kahawia ya wenyeji. Jibu lilipatikana mwaka 1931, pale mkemia H. V. Churchill wa kampuni ya alumini ya Alcoa alipopima maji ya mji wa Bauxite, jimbo la Arkansas, mji uliopewa jina la boksiti yenyewe, na kukuta floraidi nyingi. Miaka 21 baadaye, mwaka 1952, mji wa Bartlett huko Texas ulianza kutumia alumina kuondoa floraidi katika maji yake. Nchini India, katika miaka ya 1990, shirika la UNICEF liliunga mkono matumizi ya machujio ya alumina majumbani.

Hesabu ambayo muuzaji hakuambii

Viti vya basi vina idadi, na vikijaa abiria mwingine hubaki kituoni. Alumina nayo hujaa. Hili ndilo jambo muhimu zaidi kwa mtu anayetaka kununua chujio, na ndilo linalosahauliwa zaidi.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme kisima chenu kina miligramu 5 kwa lita, nawe unataka ibaki 1. Kila lita inaacha miligramu 4 ndani ya chujio. Tuseme tena kwamba kilo moja ya alumina, kwa maji hayo, inaweza kushika gramu 2, yaani miligramu 2,000. Gawanya 2,000 kwa 4, na utapata lita 500. Familia inayotumia lita 20 kwa siku kunywa na kupikia itaimaliza kilo hiyo kwa siku 25. Kilo 3 zitaifikisha siku 75, yaani miezi miwili na nusu.

Sasa fikiria familia iliyonunua chujio la kilo moja na kulitumia mwaka mzima bila kubadilisha kitu. Mwezi wa kwanza walikuwa salama. Miezi 11 iliyofuata walikunywa floraidi ile ile ya kisimani, huku wakiamini wamelindwa. Maji hayabadiliki rangi wala ladha chujio linapojaa. Mwanzoni floraidi inayotoka ni karibu sufuri, kisha hupanda kidogo kidogo hadi ikalingana na ya kisima.

Idadi ya viti nayo hutegemea maji yenyewe. Alumina hufanya kazi vyema zaidi maji yakiwa na uchachu kidogo, pH ya kati ya 5.5 na 6. Maji ya visima vya Bonde la Ufa yana magadi, na pH yake kwa kawaida hupita 7 au hata 8. Hapo vipande vya oksijeni na haidrojeni huwa vingi ndani ya maji na kung'ang'ania viti pamoja na floraidi. Bikaboneti, silika na fosfeti nazo hugombea. Kwa sababu hiyo, uwezo unaoandikwa kwenye karatasi ya kiwandani, uliopimwa kwa maji safi ya maabara, huweza kupungua sana maji ya kisima chako yanapopita.

Maji yapite pia polepole. Floraidi inahitaji dakika kadhaa kugusana na chembe na kuingia katika matundu. Ukiufungua mfereji wa chujio kwa kasi ili ndoo ijae upesi, sehemu ya floraidi itapita bila kunaswa.

Kuosha na kutumia tena

Alumina iliyojaa si lazima itupwe. Ikipitishiwa kostiki soda, vipande vya oksijeni na haidrojeni hufurika na kuifukuza floraidi kutoka kwenye viti vyake. Kisha husuuzwa kwa asidi hafifu ili uso wake uwe tayari tena.

Kazi hiyo usiifanye jikoni. Kostiki soda huunguza ngozi na inaweza kupofusha macho, asidi nayo ni hatari, na maji machafu yanayotoka yana floraidi kali mno isiyofaa kumwagwa shambani wala mtaroni. Alumina isiposuuzwa vizuri inaweza pia kuacha alumini ndani ya maji. Mpe fundi mwenye ujuzi na vifaa, au badilisha chembe zote.

Oksidi nyingine na njia nyingine

Wanasayansi wamejaribu oksidi nyingi. Zile za zirkoni, lanthani na seri hunasa floraidi vizuri, lakini bei yake ni kubwa kwa mtu wa kawaida. Oksidi ya magnesi hunasa pia, ila huyafanya maji kuwa na pH ya juu isiyofaa kwa kunywa hadi yatibiwe tena. Udongo mwekundu na matofali ya kuchomwa yana oksidi za chuma na alumini, na huko Sri Lanka vipande vya matofali vimetumika katika machujio ya nyumbani. Bei yake ni nafuu, ila viti vyake ni vichache, hivyo hubadilishwa mara kwa mara.

Nchini India, taasisi ya uhandisi wa mazingira ya Nagpur ilibuni njia inayoitwa Nalgonda, kwa jina la wilaya moja yenye floraidi nyingi. Shabu na chokaa hukorogwa katika maji, kisha hutulia na kushuka na floraidi. Shabu hiyo ikiwa ndani ya maji hufanya mabonge ya alumini, hivyo ni jamaa wa karibu wa alumina. Vifaa vyake ni rahisi, lakini vipimo vikikosewa maji huharibika, na kazi ni ya kila siku.

Hapa Kenya, njia iliyoota mizizi ni ya mkaa wa mifupa. Mpango wa maji wa Dayosisi ya Kanisa Katoliki ya Nakuru uliushughulikia tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Mifupa ya wanyama huchomwa katika tanuri lenye hewa kidogo, husagwa, huoshwa na kuwekwa ndani ya ndoo au matangi. Huu si oksidi. Ni madini ya kalisi na fosfeti kama yale ya jino. Unapatikana kwa malighafi ya hapa nyumbani, lakini nao hujaa vile vile. Baadhi ya familia za Waislamu na Wahindu zitataka kujua mifupa ni ya mnyama gani, na wana haki ya kuuliza. Zipo pia mashine zinazosukuma maji kwa nguvu kupitia utando mwembamba sana. Hizo huondoa floraidi vizuri, ila hutaka umeme na hutupa sehemu ya maji.

Kabla hujatoa pesa

Anza na kipimo. Chukua chupa safi ya plastiki ya nusu lita, isuuze mara tatu kwa maji yale yale, ijaze na uipeleke maabara. Usitumie chupa ya kioo, kwa maana floraidi huweza kushikana na kioo. Kampuni ya maji ya eneo lako au chuo kikuu kilicho karibu wanaweza kukuelekeza. Ukiwa mpangaji, muulize mwenye ploti akuonyeshe karatasi ya kipimo cha kisima. Ukinunua kutoka kwa lori, uliza maji yamechotwa wapi.

Majibu yakipita 1.5, muulize muuzaji wa chujio maswali haya manne:

1. Ndani mna nini kinachoshika floraidi, na ni kilo ngapi?

2. Kwa maji yenye kipimo changu, litafaa kwa lita ngapi kabla ya kujaa?

3. Nitapata wapi chembe mpya, na kwa bei gani?

4. Nani atapima maji yanayotoka, na baada ya muda gani?

Swali la nne ndilo la uhai. Chujio lisilopimwa ni pambo la jikoni. Bandika karatasi ukutani na uandike ndoo zinazopita, kisha rudisha chupa maabara kabla ya siku ulizohesabu kuisha. Wapangaji wa ploti moja wakichanga na kuweka chujio moja kubwa, gharama ya kupima hugawanyika na kuwa nyepesi.

Usipoteze alumina kwa maji yasiyohitaji. Kuoga, kufua na kuosha vyombo kunaweza kufanywa kwa maji ya kisima. Maji yaliyochujwa yawe ya kunywa, ya chai, ya uji na ya kupikia. Na kwa kuwa chujio hili haliui vijidudu, bado utachemsha au kutia klorini pale inapohitajika.

Mwenye uwezo mdogo afanyeje?

Mtu asiyeweza kununua chujio leo bado ana njia za kumlinda mwanawe. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana hata mama akinywa maji yenye floraidi nyingi, hivyo mtoto anyonye bila kupewa kitu kingine kwa miezi sita ya kwanza. Baada ya hapo, maji ya uji wake na ya kukoroga maziwa ya unga ndiyo ya kuangaliwa kwanza.

Maji ya mvua yana floraidi kidogo mno. Mabati safi, mfereji wa paa na pipa lenye kifuniko vinaweza kumpatia mtoto maji ya kunywa kwa wiki kadhaa. Yakiwa machache, changanya. Lita moja ya mvua na lita moja ya kisima chenye miligramu 3 hutoa maji yenye 1.5 hivi.

Punguza magadi katika maharagwe, githeri na mboga, kwa sababu magadi ya maziwani yana floraidi yake. Majani ya chai nayo yana floraidi, kwa hivyo chai kali ya rangi si kinywaji cha mtoto mdogo. Dawa ya meno aitumie kiasi cha punje ya mchele akiwa chini ya miaka mitatu, na afundishwe kutema.

Iwapo meno ya mtoto wako mkubwa tayari yana madoa, usimkemee wala usiyasugue kwa mchanga au jivu, maana utamaliza ngozi ya jino bila kuondoa doa. Daktari wa meno anaweza kuyapunguza au kuyafunika. Kisha mwangalie mdogo wake ambaye meno yake bado yamo ndani ya ufizi. Huyo bado ana muda, na kazi ya kumsaidia inaanza kwa chupa moja ya maji kufikishwa maabara.